Boti Iliyoitwa Faiba Tupu

Gatini kulikuwa na mafundi wa kila namna: wa injini, wa nyavu, wa kuziba matundu, na wale wa kusimama mikono kiunoni na kutoa ushauri, ambao ndio wengi. Lakini fundi wa mashine za kutafutia samaki alikuwa mmoja tu, naye walimwita Mshenga.

Jina hilo alijitakia mwenyewe. Mashine ya kutafutia samaki ina vipande viwili. Juu, karibu na usukani, kuna kioo kinachoonyesha kina cha maji na samaki wanaopita. Chini kuna kidude kinachopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi wake ukirudi. Kitaalamu ni transdusa; gatini walikiita sikio. Watu walikuwa wakinunua kioo huku na sikio kule, wakimletea vyote viwili ndani ya mfuko mmoja, na kumwambia, "Fundi, nifungie," kana kwamba ni viazi. Hapo Mshenga hushusha miwani puani na kuanza kuuliza yale ambayo mshenga yeyote mwenye akili huuliza kabla ya kupeleka posa. Huyu anazungumza kwa masafa gani, na yule anasikia masafa gani? Huyu ana wati ngapi, na yule atazihimili? Plagi ina pini ngapi? Na la mwisho, alilolipenda kuliko yote: wakioana, watakaa nyumba gani? Yaani, boti ni ya faiba, ya mbao, au ya chuma?

"Plagi imeingia yenyewe, Fundi, bila kusukuma," wengine walijitetea.

"Kuingia si kuoana," aliwajibu. "Hata mimi naingia nyumba ya jirani, lakini si mume wa mtu pale."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli kuliko alivyopenda. Mshenga alikuwa amefikisha umri wa mvi za kidevuni bila kuoa. Kinyozi hajinyoi. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la kamba, chenye meza iliyoungua hapa na pale kwa pasi ya kuchomelea, beseni la maji la kujaribia masikio, na nyaya zilizoning'inia ukutani kwa mpangilio alioujua yeye peke yake. Jioni alifunga chumba akaenda kwa mama yake, ambaye humpakulia chakula na kumuuliza, "Leo umeozesha wangapi?" Akijibiwa wawili au watatu, mama hutikisa kichwa na kusema watu wa nje wana bahati.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu usiovunjika. Kama mwenye boti hataki kutobolewa, sikio linaweza kugandishwa ndani, juu ya sakafu ya boti, na sauti ikapita kwenye faiba mpaka majini. Ila lazima iwe faiba tupu. Mbao ina hewa ndani yake, na sauti ikikutana na hewa hufia hapohapo. Kwa hiyo Mshenga hugonga kwanza kwa konzi, kisha kwa mpini wa kijiko. Baada ya hapo hujaza maji kwenye mfuko wa nailoni, huulaza sakafuni, hutumbukiza sikio ndani yake na kutazama kioo. Kioo kikiona chini ya ziwa kupitia mfukoni, ndipo hukoroga gundi. "Mfuko kwanza, gundi baadaye," alisema kila siku, hata kwa watu wasiokuwa na boti.

Sasa, kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye boti yake, waliyemwita Bi Kasia. Kisa cha jina hilo ni mwizi wa injini aliyemkimbiza ufuoni kwa kasia mpaka mwizi mwenyewe akaomba apelekwe polisi. Aliwahi kuolewa. Akaachana na yule bwana kwa sababu, alivyoeleza mwenyewe bila kuulizwa, alikuwa mtu ambaye ukimuuliza saa anaongeza nusu. Watu wote gatini walimwita dada. Mshenga hakuwahi kumwita dada hata mara moja. Alimwita Nahodha, na mwenye akili angeelewa kwa nini.

Boti yake aliachiwa na baba yake, marehemu, aliyesifika kuwa mtu wa kwanza pale kuelea juu ya faiba wakati wenzake wote bado wanapigana na mbao zinazovuja. Mzee huyo alijivuna mpaka ikawa kero. "Mbao ni za vitanda na majeneza," aliwaambia wenzake wakichota maji kwa makopo. Akaandika ubavuni mwa boti, kwa herufi nyekundu zinazosomeka toka ng'ambo: FAIBA TUPU. Bi Kasia alirithi boti, akarithi na majivuno yake.

Shida ilianza pale msaidizi wake, aliyejua kila jiwe la chini kwa kichwa, alipohamia kwa mwanawe. Tangu hapo nyavu zikawa zinanasa miambani na kurudi na matobo ya kupita mbuzi. Bi Kasia akanunua kioo kwa mtu aliyekuwa anaacha uvuvi, akaja nacho kwa Mshenga, mkono mmoja kioo, mkono wa pili chupa ya chai.

"Nitafutie sikio lake," alisema. "Na unywe chai kabla haijapoa."

Mshenga akanywa. Chai hiyo ilikuwa na tangawizi ya kuamsha maiti, na sukari ilikuwa imesikia habari zake kwa mbali tu. Macho yakamtoka machozi.

"Ikoje?"

"Tamu sana, Nahodha."

Alimpatia sikio ambalo hata mwenye wivu asingelipinga: masafa yaleyale, nguvu zilezile, pini zilezile. Alilijaribu ndani ya beseni, kioo kikasoma kina cha beseni bila kukosea. Moyoni akajiwekea ahadi. Siku mashine hii itakapofanya kazi vizuri, na Bi Kasia akiwa amefurahi, ndipo atamwambia. Kwamba ampende mtu mzima kama yeye, waoane, basi. Alikuwa ameshaifanyia mazoezi hotuba hiyo mbele ya beseni.

Ilibaki nyumba. Akaenda kwenye boti, akainama, akagonga kwa konzi. Faiba tupu hulia ko, ko. Hii ililia bu. Akasogea mbele, bu. Akasogea katikati akagonga kwa kijiko, bu. Mzee alikuwa ameunda boti ya mbao kama wenzake wote, akaivisha faiba pande zote kama shati jeupe juu ya fulana iliyotoboka, akapaka rangi, na kuwacheka watu mpaka anakufa.

"Unaisikia?" alisema Bi Kasia, uso unang'aa. "Baba aliimwaga mwenyewe. Mimi nilikuwa mdogo, alinifukuza nisije nikavuta harufu ya dawa. Faiba tupu hiyo."

Mshenga alifungua mdomo. Mdomo ukasema, "Imara kweli."

Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake ya ufundi. Hakujaza mfuko. Angeujaza, kioo kingeonyesha patupu mbele ya mwenye boti, na mwenye boti angeuliza kwa nini. Akakoroga gundi, akaligandisha sikio sakafuni, akijua wazi kwamba analigandisha kwenye mbao. Mtu mzima na akili zake.

Waliisukuma boti mpaka kwenye maji ya magotini. Kando yake alikuwa amesimama korongo, anatafuta riziki yake. Mshenga akawasha. Kioo kikapiga chenga, kikafikiri, kikasema kina ni mita themanini na saba.

Bi Kasia akamtazama korongo.

"Huyu ndege ana miguu mirefu," alisema.

Mshenga akasema labda ni plagi. Kesho yake akabadilisha plagi. Kisha akasema labda ni betri, akaja na betri yake mwenyewe. Kisha waya. Kisha akabandua sikio akaweka jingine. Kila akija alikuta chupa ya chai inamsubiri, naye kila mara alikunywa na kuisifu, na siwezi kukudanganya kwamba siku hizo hazikumpendeza. Walikaa ukingoni mwa boti, wakazungumza na kucheka, kioo nyuma yao kikiendelea kusema maji yana kina cha kuzamisha mnara. Lakini mwisho Bi Kasia alianza kuinyooshea mashine kidole na kuiita takataka, na nyavu zake zilizidi kuchanika. Watu nao hawakunyamaza. Wakasema Mshenga kaishiwa, ndoa zake siku hizi zinavunjika kabla ya wali.

Aliyesema zaidi ya wote alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, fundi wa injini na mtu ambaye mdomo wake haukuwekewa mlango.

"Shemeji, sema tu umezeeka, nikutafutie kiti."

"Kamalize injini yako."

"Injini yangu inawaka. Wewe ndiye huwaki."

Jioni moja Mshenga alishindwa hata kula. Mama yake akamsogezea sahani, akamtazama.

"Umemwambia?"

"Bado, mama. Nangoja mashine ikae sawa."

"Na mashine inangoja nini?"

Ndipo akamweleza yote: mlio wa bu, shati jeupe, korongo. Mama yake alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akaacha kucheka.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Mwambie."

"Nikimwambia baba yake alimdanganya, atanipiga kasia."

"Basi upigwe ukiwa mkweli. Angalau nitakuja kukuuguza bila aibu."

Shauri hilo lilikuwa zuri, kwa hiyo hakulifuata. Usingizi ulipogoma, alipata njia ya kuuzunguka ukweli. Kuna sikio jingine, linalofungwa nje, nyuma ya boti, mbali kidogo na propela, likigusa maji lenyewe. Hilo halijali boti ni ya nini. Linahitaji matundu madogo ya skrubu na silikoni ya kuziba. Drili itatoa unga wa mbao, sawa, lakini hata boti za faiba za kiwandani huwekewa mbao kwa nyuma ili zishike injini, na hilo ni kweli kabisa. Mashine itafanya kazi, mzee atabaki na heshima yake kaburini, Bi Kasia atafurahi, naye atatoa hotuba yake. Akalala kama mtoto.

Boti ikavutwa nchi kavu. Shemeji akaja kunyanyua injini. Mshenga akapiga magoti nyuma ya boti na kuwasha drili. Ukatoka unga mweupe wa faiba. Kisha, kama alivyotarajia, yakaanza kutoka maranda ya kahawia, yakijikunja na kudondoka mchangani.

Bi Kasia aliinama, akaokota, akanusa.

"Hii mbao."

"Nyuma, ndiyo," alisema Mshenga, haraka kidogo kuliko inavyofaa. "Hata za kiwandani ziko hivyo. Ni za kushikilia injini. Muulize shemeji."

"Kweli tupu, dada," alisema shemeji, na kama angeishia hapo dunia ingekuwa na amani. "Ndiyo maana huyu bwana hapimi nyuma. Anapima katikati, na mfuko wake wa maji."

"Mfuko gani?"

Shemeji, akifurahi kupata mtu wa kumsikiliza, akaeleza yote, mpaka ule msemo wa mfuko kwanza, gundi baadaye, akiigiza na sauti. Bi Kasia akayadondosha maranda mchangani. Hata shemeji akaanza kuhisi kwamba amekanyaga kitu.

"Fundi," alisema Bi Kasia. "Mimi mbona hukunipimia na mfuko?"

"Nilisahau, Nahodha."

"Umewapimia watu wote hapa. Mimi ukanisahau."

Bi Kasia akaichukua drili mkononi mwa Mshenga, akapanda botini, akapiga magoti katikati, na kuweka ncha ya drili sakafuni, chini kabisa, mahali ambapo tundu si la mzaha.

"Nakuuliza mara moja. Hapa chini ni nini? Ukisema faiba, natoboa nione. Ukisema mbao, naweka drili chini."

"Nahodha, ngoja tuzungumze..."

Drili ikaanza kunguruma.

"Mbao!" alipiga kelele Mshenga. "Ni mbao! Yote ni mbao, usitoboe!"

Alipiga kelele hasa. Watengeneza nyavu waliinua vichwa. Mtu aliyekuwa anapaka rangi ng'ambo ya pili akashusha brashi. Miaka yote ya siri ya mzee wa watu, na gati zima likaipata kwa pumzi moja. Shemeji akakumbuka kuna spana ameisahau mahali, akaondoka kwenda kuitafuta.

Bi Kasia alizima drili. Akakaa sakafuni mwa boti, akapitisha kiganja juu ya rangi nyeupe, polepole. Mshenga alingoja kasia. Hakuna kasia lililokuja, na hilo lilimtisha zaidi.

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza. Nilipogonga."

"Ukaniacha niitukane mashine. Ukaniacha nichane nyavu, huku unabadilisha plagi."

"Sikutaka uhuzunike. Ulivyokuwa unamsifu mzee, nilishindwa."

"Baba alinificha ili nijivune," alisema Bi Kasia. "Yule mwanaume alinificha kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Na wewe unanificha nisihuzunike. Mimi nimechoka, Fundi. Nimechoka kupendwa na watu wasioweza kuniambia boti yangu ni ya nini."

Neno hilo, kupendwa, lilimfika Mshenga kifuani. Akaona heri amalize yote.

"Kuna jambo jingine nimekuficha, Nahodha. Mimi..."

"Usiseme." Aliinua mkono. "Funga sikio. Sitaki kusikia neno lako lolote mpaka hiyo mashine iseme kweli."

Akafunga. Hakuna sikio aliloliwekea skrubu kwa uangalifu kama hilo. Akalinyoosha lisikae kichwa upande, akaziba kila tundu kwa silikoni, akasubiri ikauke bila kuzungumza. Boti ikarudishwa majini. Akawasha. Kioo hakikupiga chenga hata kidogo: mita moja na robo, na chini yake mstari mnene uliotulia, mchanga mtupu. Bi Kasia akatoa kamba yake yenye risasi ya kupimia, akaitumbukiza, akapima kwa mkono. Ilikuwa vilevile.

"Asante, Fundi," alisema, akangoja ateremke, akawasha injini na kuondoka.

Chupa ya chai ilikuwa pale botini. Hakuifungua. Mshenga alisimama ufuoni akiitazama boti inakwenda, na akagundua kwamba angetoa chochote apewe kikombe kimoja cha ile tangawizi. Iliuma, na haikuacha kuuma siku zilizofuata. Alioanisha mashine za watu wengine, akajaza mifuko yake, akagonga na kukoroga gundi, na hakumtania mtu. Mama yake alipomuuliza, alisema, "Nilimwambia, mama. Kwa kelele." Mama hakucheka safari hii.

Kisha asubuhi moja watu walikusanyika penye boti ya Bi Kasia. Alikuwa na kopo la rangi. Alikuwa ameifuta TUPU na sasa anamalizia herufi mpya, ulimi nje kwa umakini. Boti ilisomeka: FAIBA NJE.

"Na ndani je, dada?" aliuliza mmoja wa wale washauri, akijiandaa kucheka.

"Ndani mbao. Mbao ambazo baba yangu aliziunda, na mpaka leo hazijavuja. Yako ya nini? Nasikia ya makopo."

Kicheko kikamgeukia mshauri. Bi Kasia akaliweka kopo chini, akamwona Mshenga nyuma ya watu, akamwita kwa kidole. Watu walijua kutawanyika, isipokuwa shemeji, ambaye ilibidi afukuzwe.

Bi Kasia alimkalisha Mshenga ukingoni mwa boti, akafungua chupa, akamimina chai mpaka juu, akampa. Mshenga akanywa. Tangawizi ilikuwa imeongezwa. Sukari sasa ilikuwa imehama kabisa.

"Ikoje?" aliuliza Bi Kasia, akimtazama machoni.

Mshenga alimeza. Akatazama kikombe, akatazama herufi mbichi za rangi, akamtazama yeye.

"Mbaya," alisema.

"Mbaya kiasi?"

"Mbaya sana, Nahodha. Tangu siku ya kwanza. Ile ya siku ya betri niliimwaga majini ulipogeuka."

Bi Kasia alimkazia macho muda wa kutosha Mshenga kujutia kuzaliwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikatoka chote, mpaka akashika ukingo wa boti asianguke.

"Na lile jambo jingine?" aliuliza alipopata pumzi. "Ulilotaka kusema siku ile?"

Hotuba yote aliyoifanyia mazoezi mbele ya beseni ilikuwa imemtoka kichwani. "Nakupenda," alisema. "Nataka tuoane. Basi."

Bi Kasia alimnyang'anya kikombe, akaonja mwenyewe, akakunja uso, na kuimwaga chai yote ziwani.

"Mwambie mama yako aje Jumapili," alisema. "Chai utapika wewe."